Usiku Mmoja Serengeti, Ukilala na Gari Lako

Wakazi wengi wa Tarime na Mugumu huyaona magari ya watalii yenye vitanda na jiko ndani yakipita, wakadhani kulala Serengeti ni mambo ya wageni. Sivyo. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi, kiasi kidogo sana ukilinganisha na dola anazotozwa mgeni wa nje, na gari lenye namba za Tanzania nalo hutozwa kwa shilingi. Si lazima liwe gari la kifahari. Land Cruiser ya zamani yenye hema juu ya paa inatosha, au hata hema la kawaida lililofungwa kando ya gari imara.

Jambo la kupanga kwanza ni saa. Kibali cha kuingia hifadhini huhesabiwa saa 24 tangu ulipopita langoni. Ukiingia alfajiri, utalazimika kutoka alfajiri ya pili, wakati ambao simba na fisi bado wako barabarani. Mimi ningelala Mugumu, nijaze mafuta na maji pale, kisha nipite lango la Ikoma karibu saa 6 mchana. Hapo unapata jioni nzima na asubuhi nzima, ambazo ndizo saa za kuona wanyama, halafu unatoka kabla ya mchana. Usichelewe lakini. Kuendesha gari ndani ya hifadhi usiku hakuruhusiwi, na kutoka Ikoma hadi kambi za Seronera ni mwendo wa karibu saa moja ukiheshimu kikomo cha kilomita 50 kwa saa.

Langoni hawapokei fedha taslimu. Malipo ni kwa kadi au kwa namba ya malipo, basi hakikisha simu ina chaji na salio. Mifuko ya plastiki iache nyumbani, imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.

Kambi ziko za aina mbili. Kambi maalumu huwekewa nafasi mapema na hazina choo wala maji. Kwa familia inayoanza, chagua kambi za umma za Seronera, kama Pimbi, Nyani au Dik Dik, zenye vyoo na banda la kupikia lililozungushiwa wavu. Wavu huo una sababu, kwa maana kambi zenyewe hazina uzio. Fisi hupita katikati ya mahema, na tembo hufuata harufu ya matunda. Chakula chote, hata ganda la ndizi, kifungiwe ndani ya gari. Ukishaingia kulala usitoke nje gizani. Wenye watoto waende chooni wote pamoja kabla jua halijazama, na wabebe ndoo yenye kifuniko kwa ajili ya usiku. Naisisitiza ndoo hii kwa kuwa mtoto akibanwa saa 8 usiku hasubiri, na mzazi anayefungua hema kwa huruma anahatarisha maisha yao wote wawili.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo mweusi hunata na kunasa hata magari yenye nguvu. Gari refu na zito lisithubutu kuacha barabara kuu. Nyumbu wanaovuka Mto Mara huonekana upande wa Kogatende kati ya Julai na Oktoba, lakini usiku mmoja hautoshi kwa safari ya huko. Nguo za bluu na nyeusi ziache, zinavuta mbung'o.

Kwa ndugu zetu wanaotokea Kenya kupitia Sirari: gari lenu litahitaji kibali cha muda cha forodha na bima ya kadi ya njano ya COMESA. Jueni pia kwamba gari la namba za kigeni hutozwa hifadhini fedha nyingi zaidi kuliko la hapa, kwa kufuata uzito wake. Mara nyingi ni nafuu kuliacha mahali salama na kukodi la Tanzania.

Asubuhi ya kuondoka, zoa taka zako zote utoke nazo, na soma saa iliyoandikwa kwenye kibali kabla hujawasha gari. Ukipitisha muda, utalipa tena.