PICHA YA ZAMANI: TUIKAGUEJE?

Leo tusome jambo la Uingereza. Huko nyumba nyingi zina picha za zamani za mito, vilima na mashamba. Zimechorwa kwa rangi za maji, yaani rangi iliyokorogwa na maji ikapakwa kwa brashi kwenye karatasi. Sasa, mtu kairithi picha ya babu yake. Anakuja mgeni anamwambia, "Nakupa pauni ishirini." Auze?

Tunasema asiuze upesi. Kwanza aishushe ukutani aikague.

Je, imechorwa kwa mkono au imepigwa chapa? Aitazame kwa kioo cha kukuzia. Akiona nukta ndogo ndogo zimejipanga safu safu, basi hiyo ni kazi ya mashine. Rangi ya mkono haina safu hizo. Mara nyingi imekolea pembeni, pale maji yalipokaukia, na chini yake huonekana mistari ya penseli.

Halafu karatasi. Hapa ndipo penye siri. Wewe unajua kukagua noti: unaiinua kwenye mwanga, unaona sura iliyofichika. Karatasi nyingi za zamani za Uingereza nazo zina alama ya namna hiyo. Jina mashuhuri ni J WHATMAN, na tangu mwaka 1794 watengenezaji wengi walianza kutia na mwaka. Ukisoma 1811, ujue picha haikuchorwa kabla ya hapo. Baada ya hapo yawezekana, maana karatasi hukaa stoo. Lakini jina la mchoraji lililoandikwa pembeni tusiliamini haraka. Mtu aweza kuliandika hata jana!

Jua nalo ni adui. Buluu ya nili hupauka, mbingu ikabaki nyekundu-nyekundu. Atazame ukingo uliofunikwa na fremu. Huko rangi ya mwanzo husalimika. Picha iliyopauka hushuka bei. Na asiifute kwa kitambaa cha maji, ataondoka na rangi yenyewe.

Watu hudhani kila cha kale ni mali. Sivyo. Zamani hizo hata maofisa wa jeshi walifundishwa kuchora. Paul Sandby alianza kuwafundisha vijana wa chuo cha kijeshi cha Woolwich mwaka 1768. Kwa hiyo picha zimebaki tele, na nyingi hazina bei kubwa. Lakini moja ya picha ambazo J.M.W. Turner aliuchora mlima Rigi wa Uswisi, ya mwaka 1842, iliuzwa mnadani London mwaka 2006 kwa pauni milioni 5.8 hivi. Karatasi na rangi tu, jamani!

Basi mwenye picha aipeleke kwa mjuzi asiyetaka kuinunua. Mkulima aliyewahi kupimiwa kwa mizani ya mlanguzi anatuelewa.

Swali la kikundi: Picha imeandikwa mwaka 1805. Karatasi yake ukiiinua kwenye mwanga inasoma 1811. Kipi kinasema kweli, na kwa nini? Jadilianeni.