GITAA LA STILI: KWA NINI HEDIFONI NA AMPLIFAYA HAZITOI SAUTI MOJA?

Gitaa la stili lilianza katika visiwa vya Hawaii mwishoni mwa karne ya 19. Halikumbatiwi kifuani kama gitaa la kawaida, bali hulazwa magotini au husimama juu ya miguu yake lenyewe. Mpigaji hukwanyua nyuzi kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto hutelezesha juu yake kipande kizito cha chuma cha pua. Hiyo ndiyo asili ya jina lake. Barani Afrika ala hii husikika katika muziki wa juju wa King Sunny Adé wa Nijeria.

Mwanafunzi wa ala hii ajizoezapo usiku huvaa hedifoni ili asiwasumbue majirani. Badala ya sauti nene na tamu aliyoizoea kutoka katika amplifaya, husikia sauti kali na nyembamba. Huenda akadhani kuwa mkono wake ni mbaya au kwamba ala imeharibika. Hatari zaidi ni pale anapozidisha sauti ili aupate utamu uliopotea. Makala haya yaeleza utamu huo hutoka wapi, na kwa nini kuzidisha sauti si dawa.

1. Kutoka uzi hadi hewani

Chini ya nyuzi pana pikapu, yaani sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Uzi wa chuma utetemapo hubadili uga wa sumaku, na umeme huzalishwa katika koili. Kanuni hii iligunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831. Umeme huo ni mdogo, sehemu tu ya volti. Amplifaya huukuza, na spika huugeuza kuwa mitikisiko ya hewa.

2. Spika ni sehemu ya ala

Kila noti ina mtetemo wa msingi pamoja na harmoniki, yaani mitetemo ambayo idadi yake kwa sekunde ni mara 2, 3, 4 na kuendelea ya ule wa msingi. Katika mpangilio wa nyuzi 10 uitwao E9, uzi wa chini kabisa hutetema kiasi cha mara 123 kwa sekunde, yaani hezi 123. Mitetemo ya msingi ya noti za juu hupita hezi 1,500, na harmoniki zake hupanda mbali zaidi.

Spika ya gitaa, ambayo kwa kawaida ina kipenyo cha sentimita 30 au 38, ni pana na nzito. Haiwezi kufuata mitetemo ya haraka mno. Ipitapo hezi 5,000 hivi, nguvu yake hushuka ghafla. Kwa hiyo mikwaruzo ya chuma na milio ya kucha za bandia hupungua. Spika hufanya kazi ya kifumbu: tui hupita, machicha hubaki. Hedifoni nzuri, kwa upande wake, huweza kufikia hezi 20,000. Hazikosei, hupitisha tui pamoja na machicha.

3. Chumba, mwili na sikio

Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde. Ikienda kwenye ukuta ulio umbali wa mita 3.4 na kurudi, huchukua sekunde 0.02. Ubongo hauusikii mrejeo huo kama mwangwi, bali huiona sauti kuwa pana zaidi. Hedifoni hazina kuta. Sauti huonekana imo katikati ya kichwa. Aidha, noti nzito za amplifaya hutikisa kifua, lakini za hedifoni huishia sikioni.

Tena, mwaka 1933 wanasayansi Fletcher na Munson wa Marekani walionyesha kuwa sauti ikiwa ndogo, sikio husikia noti nzito kwa shida kuliko noti za kati. Mtu anayepiga polepole usiku hupoteza besi hata kama vyombo vyake ni vizima.

4. Tiba na tahadhari

Tiba ni kurudisha kile kilichokosekana: kutumia chujio la umeme linalopunguza mitetemo inayozidi hezi 5,000, kuongeza mwangwi wa kuigiza kwa kiasi, na kuongeza besi kidogo.

Hedifoni zisichomekwe kamwe katika tundu la spika, kwani nguvu yake yaweza kuziunguza na kuumiza masikio. Amplifaya ya vali isitumiwe bila spika yake.

Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba usikilizaji wa desibeli 80 usizidi saa 40 kwa wiki. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo hupungua nusu: desibeli 83 kwa saa 20, desibeli 86 kwa saa 10. Seli za kusikia zilizo katika sikio la ndani zikifa, haziwezi kuota tena. Anayetafuta kifua kwa kuongeza sauti ya hedifoni hakipati, na masikio huyapoteza.

JARIBIO

Unganisha spika ndogo isiyo na sanduku kwenye redio kwa waya mrefu, kisha usikilize. Toboa ubao mpana wa kadibodi tundu linalolingana na spika, uishikize hapo, na usikilize tena. Besi huongezeka, kwa sababu wimbi la nyuma haliwezi tena kulizunguka na kulifuta wimbi la mbele kwa urahisi.

MASWALI

1. Mrejeo wa sauti kutoka ukuta ulio umbali wa mita 1.7 huchukua muda gani?
2. Kwa ushauri uliotajwa, desibeli 92 zaweza kusikilizwa kwa saa ngapi kwa wiki?
3. Eleza kwa nini spika inayopitisha mitetemo yote si lazima iwe bora kwa gitaa.