Kompyuta inayokataa rezo

Juma lililopita kompyuta yetu ya Linux ilikataa rezo ya bila waya, tena tulikuwa tunatafuta maulizo ya Egzamen ya Leta ya miaka iliyopita. Siye wakubwa tukasema mara moja: ni mudogo fulani wa darasa la tatu ameiharibu. Akakatazwa kuingia chumba cha kompyuta.

Tujifunze basi. Kwanza angalia kama simu inapata rezo ileile. Kama inapata, ugonjwa uko ndani ya kompyuta. Fungua terminali, andika lspci -k. Chini ya jina la kadi ya rezo utafute mustari "Kernel driver in use". Kama hauko, dreva ndiyo inakosekana.

Yetu ilikuwa nayo. Tukaandika rfkill list. "Soft blocked: yes" ni programu imefunga, andika rfkill unblock wifi, itafunguka. Lakini "Hard blocked: yes" ni butoni ya kompyuta yenyewe, hapo amri haisaidii kitu, ni kidole tu. Butoni yetu iko ubavuni, unaigusa ukiibeba vibaya.

Na nani aliibeba siku ile? Ni siye. Ijumaa tulimuomba yule mudogo musamaha mbele ya darasa lake.