Sema kwa Kalamu: Vidokezo kwa Wanawake wa Kwale

Ukitaka kujua kama wanawake wa pwani ya kusini wana maneno, keti kwenye chama cha akina mama Ukunda siku ya kugawana pesa, au nyuma ya nyumba yenye harusi Msambweni wakati mchele unachaguliwa. Maneno yapo, makali na matamu, na kila moja linajua linakokwenda. Lakini yuleyule aliyekuwa akiwavunja mbavu wenzake, mpe karatasi: ataisukuma kando na kusema apewe aliyesoma. Wengine wamezoeshwa kusemewa na kaka, na mume, na sasa hata na mtoto wa kiume. Wengine waliacha shule kwa mimba au kwa kukosa karo, na tangu siku hiyo wakaamini kuandika ni mali ya watu wengine.

Vidokezo hivi ni vyao. Gharama yake ni daftari na kalamu ya dukani.

1. Anza na leso

Huna haja ya kutafuta mwalimu mbali. Tangu 1887 duka la Kaderdina Hajee Essak mjini Mombasa limekuwa likiuza leso, zile zenye alama ya "Mali ya Abdulla", na wanawake wa pwani nzima wamezitumia kumjibu mke mwenza, kumsuta jirani na kumshukuru mama bila kufungua mdomo. Mwanamke anayesimama dukani akilinganisha majina matatu ya leso, mpaka apate lile litakalomfikia mlengwa, anafanya kazi ya mwandishi tayari. Anapima neno, na anamjua msomaji wake.

Basi kwenye ukurasa wa kwanza tunga jina la leso ambayo haijachapishwa bado. Lisizidi maneno saba. Chini yake jibu maswali haya: ningeivaa siku gani, nipite mlango wa nani, na huyo mtu alinifanyia nini? Ukifika swali la tatu utajikuta umegeuza ukurasa.

2. Fuata maji

Vitabu vya ushauri hupenda kusema mwandishi aamke alfajiri. Alfajiri ya Kwale ina kuni, ina uji wa watoto, ina gari la kwanza la kwenda Likoni. Akina mama wanaolima mwani Kibuyuni na Mkwiro wanafuata kalenda nyingine: bamvua likifika na maji yakakupwa sana, wako baharini na kamba zao; maji mafu yakija, kazi ya majini hupungua. Hizo za maji mafu ziwe siku za daftari. Wewe unayetandika vitanda katika hoteli za Diani, au unayekaanga viazi karai barabarani, unajua maji yako yanakupwa saa ngapi. Andika hapo, hata kama ni nusu ukurasa.

3. Robo saa inatosha

Mwaka 1986 wanasaikolojia wawili wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu dakika 15 za kuandika kila siku kwa siku 4 mfululizo. Baadhi waliandika mambo ya kawaida. Wengine waliandika jambo zito lililowahi kuwapata. Wale walioandika tukio pamoja na hisia zake waliinuka kitini wakiwa na huzuni zaidi, ila katika miezi iliyofuata walikwenda kutibiwa mara chache kuliko wenzao. Tafiti nyingi zimefanywa tangu hapo, na kwa wastani faida iliyoonekana ni ndogo, kwa hiyo asije mtu akakuuzia kalamu kama dawa ya kila donda.

Ninachokipenda katika mpango ule ni ufupi wake. Robo saa hata mwenye mtoto mchanga huipata. Usifute, usihangaike na tahajia, usimwonyeshe mtu. Ukiona mkono unatetemeka, liache jambo hilo kwa leo, uandike kuhusu mwembe wa kwenu.

Na kama kipigo unachokiandika bado kinaendelea, daftari lisubiri. Piga 1195, nambari ya bure ya kitaifa inayowasaidia waliofanyiwa ukatili wa kijinsia.

4. Toa neno "mateso", weka vipande vya samaki

Hapa ndipo waandishi wapya wengi hukwama, na ndipo ningependa ukae muda mrefu zaidi. Chukua sentensi hii: "Niliteseka sana kwa mama mkwe." Msomaji anakuhurumia, kisha anasahau, kwa sababu sentensi hiyo ingeweza kuandikwa na yeyote. Sasa ijaribu hivi: "Kila Ijumaa alipika wali wa nazi, akapakua sahani za wanawe, kisha akanihesabia vipande vya samaki kwa sauti, mbele ya mawifi." Humo hamna neno mateso wala machozi, lakini hakuna mwanamke aliyewahi kuolewa ugenini atakayeisoma bila kusonya.

Rudi kwenye kila neno kubwa uliloliandika (uchungu, aibu, furaha, upweke) ujiulize: kulikuwa na chombo gani pale? Kulinukia nini? Nani alisimama mlangoni akajifanya hakusikia? Ukishaandika hayo, neno kubwa unaweza kulifuta.

5. Usiandike majeraha peke yake

Hili nalisema kwa msisitizo. Wageni wenye kamera wameizoea sura moja ya mwanamke wa Kwale: ameketi mlangoni, anasimulia shida zake. Na sisi tukipewa kalamu tunaweza kuingia katika sura hiyohiyo bila kushurutishwa, tukidhani ndiyo pekee inayosikilizwa. Una haki ya kuandika mapenzi. Una haki ya kuandika hadithi ya upelelezi inayoanzia kwenye kivuko cha Likoni, au ya jini aliyechoka kukaa Kaya Kinondo na anatafuta nyumba ya kupanga.

Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa alifanya jambo la namna hiyo. Riwaya yake ya Kiingereza, *The House of Rust*, ina binti wa Mombasa anayeingia baharini kwa chombo cha mifupa, paka anayesema akiwa naye, kumtafuta babake mvuvi. Mswada huo ulipata tuzo ya kwanza ya Afrika ya wachapishaji Graywolf wa Marekani mwaka 2018, na kitabu kikatoka 2021. Binti na paka na bahari: vitu ambavyo bibi zetu walivisimulia baada ya "Paukwa!" na "Pakawa!"

6. Andika kwa lugha unayoota nayo

Kama mamako alikukemea kwa Kidigo, akukemee kwa Kidigo ukurasani. Kiduruma cha Kinango, Kisegeju, Kivumba cha Wasini na Vanga, vyote vina nafasi. Kiswahili sanifu cha mtihani kina heshima yake, ila kimewanyamazisha wengi walioogopa kukosea ngeli. Masahihisho yana siku yake, na siku hiyo si ya kwanza.

7. Herufi za madrasa ni herufi

Wapo akina mama wengi kutoka Gazi mpaka Lunga Lunga wanaojiita hawajui kusoma, ilhali wamehitimu msahafu. Mama, unajua herufi! Kiswahili kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa, na baadhi ya kazi zake bora zilianza hivyo. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kumwachia wosia bintiye Mwana Hashima. Unaweza kukataa sehemu ya anayomhimiza bintiye kuhusu kumtii mume, na wanawake wengi wa leo wanaikataa. Lakini angalia alichofanya mama yule. Kifo kilikuwa mlangoni, yeye akapanga mizani na vina, na mpaka leo jina lake linatajwa katika madarasa ya fasihi.

Zaidi ya hapo kuna Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844. Wasichana wa jumba la kifalme walifundishwa kusoma, kuandika hapana. Salme akajifundisha kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859 nduguye Barghash alipokula njama ya kumpindua kaka yao, Sultani Majid, kazi ya kuandika barua za siri ilimwangukia yule msichana, maana ndiye aliyeijua kalamu. Alikuwa na miaka 15 hivi. Baadaye, akiwa mjane nchini Ujerumani na anaitwa Emily Ruete, aliandika maisha yake mwenyewe, na kitabu kikatoka mwaka 1886.

Basi chukua wino, andika kwa mkono uliozoea ubao wa chuoni. Mjukuu atakuja kunakili kwa herufi za Kirumi.

8. Usiyeweza kuandika, sema

Katika miaka ya 1970 wanawake watatu wa Mombasa, Bi Kaje wa Mwenye Matano, Bi Mishi wa Abdala na Bi Shamsa Muhamad Muhashamy, walisimulia maisha yao mbele ya kinasa sauti cha watafiti Sarah Mirza na Margaret Strobel. Kitabu kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1989, kisha masimulizi yale yakachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1991. Bi Mishi alitoka katika kizazi cha watumwa. Watu wa tabaka lake mara nyingi waliandikwa na wengine, na humo anajieleza kwa kauli yake.

Leo kinasa sauti kiko kwenye simu yako. Jirekodi ukisuka ukindu, ukipalilia, ukimsubiri daktari kwenye benchi la hospitali. Kijana wa nyumbani akikunakilia, sharti liwe moja: aandike ulivyosema. Umesema "wanangu wee" mara tatu, aandike mara tatu.

9. Linda watu, na ujilinde

Badili majina, kijiji, idadi ya watoto. Mvuvi mfanye fundi cherehani. Daftari ambalo likionekana litakuletea hatari lisilale nyumbani kwako. Lilale kwa rafiki au kwenye sanduku la chama.

10. Geuzeni chama kiwe duara la kusoma

Mjini Kampala, mwaka 1995, kundi la wanawake likiongozwa na Mary Karooro Okurut lilianzisha FEMRITE, chama cha waandishi wanawake wa Uganda. Nguzo yake mojawapo imekuwa mkutano wa Jumatatu: mtu anasoma alichoandika, wenzake wanasikiliza na kukijadili. Mwaka 2003 walitoa *Tears of Hope*, mkusanyo wa hadithi za wanawake wa vijijini. Monica Arac de Nyeko, aliyepitia chama hicho, alishinda Tuzo ya Caine mwaka 2007.

Sisi vyama tunavyo tele, na siku ya kukutana inajulikana. Baada ya kuhesabu pesa ongezeni nusu saa. Wawili wasome, wengine wasikilize bila simu. Msomaji akimaliza, kila mmoja aseme ni maneno gani yamebaki kichwani mwake. Hakuna kusahihisha siku hiyo. Na kuna swali moja la kupigwa marufuku kabisa: "Haya yalikutokea kweli?" Swali hilo limewafungisha wanawake madaftari kuliko umaskini. Aliyeandika akitaka kusema ni yake, atasema. Asipotaka, ni ya mhusika wake.

Msimtegemee mfadhili aje na fulana zenye nembo. Mkeka na chai vinatosha kuanza.

11. Soma umesimama

Mara ya kwanza sauti itakatika. Soma hivyohivyo, taratibu, uso juu. Anza mbele ya dada mmoja, kisha duara, kisha harusini kabla vugo halijakolea. Redio za jamii nazo zina vipindi vya akina mama, na watangazaji wake hutafuta mtu wa kujaza muda.

12. Andika jina lako juu ya ukurasa

Jina kamili, lile la kitambulisho au lile unalotaka likumbukwe. Kwa sheria ya Kenya hakimiliki inaanza pale unapoiandika kazi, na hudumu miaka 50 baada ya kufa kwako. Ukitaka uthibitisho wa maandishi, unaweza kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Ukiwa na mswada mrefu wa Kiswahili, fuatilia matangazo ya Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Tuzo hiyo imekuwa ikipokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Katika mashindano ya kwanza, mwaka 2015, mmoja wa washindi alikuwa mwanamke wa Tanzania, Anna Samwel Manyanza, kwa riwaya yake *Penzi la Damu*.

Usiye na kompyuta, nenda saiba ukalipie kupigiwa chapa. Keti karibu na mpiga chapa mpaka amalize. Atakutana na neno la Kidigo asilolijua, atataka kuweka lingine analolijua yeye. Mwambie arudishe lako.