Stoo Hupangwa kwa Hewa, Si kwa Macho

Familia nyingi za Bujumbura hupanga vitu vya nyumbani kwa macho. Magunia makubwa chini, makopo madogo juu, vinavyopendeza sebuleni, visivyopendeza nyuma ya mlango. Jumamosi baada ya usafi nyumba inang'aa, na si vibaya. Lakini miezi miwili baadaye maharage yametoboka, unga wa muhogo umeshikana mabonge, na sare ya shule iliyokuwa chini kabisa ya sanduku inanuka ukungu. Baba analalamika, mama amechoka, dada wa kazi anasingiziwa. Kosa si la yeyote kati yao.

Tujiulize: kitu kilichowekwa mahali, kikakaa bila kuguswa, huharibiwa na nini? Panya na watoto tuwaweke kando kwanza. Kinachobaki ni hewa. Ndani ya hewa mna vitu viwili vinavyofanya kazi usiku na mchana, mvuke wa maji na oksijeni, na joto ndilo linaloamua kazi hiyo iende mbio au polepole. Ukiyaelewa hayo matatu, utajua kila kitu kikae wapi bila kungoja ushauri wa mtu, hata wangu.

Tuanze na maji. Chukua hewa inayojaza sanduku la mita moja kila upande. Ikiwa na joto la nyuzi 28, inaweza kubeba mvuke wa maji usiozidi gramu 27 hivi. Hewa hiyohiyo ikipoa hadi nyuzi 19, uwezo wake unashuka hadi kama gramu 16. Hewa ya moto hubeba maji mengi, hewa ya baridi hubeba machache. Karibu kila tatizo la unyevu nyumbani linatoka hapo.

Sasa ingia stoo ya nyumba ya Buyenzi au Kinama, msimu wa mvua. Saa nane mchana joto ni nyuzi 28, na tuseme hewa imebeba asilimia 60 ya mvuke inaoweza kubeba, yaani gramu 16 kwa kila mita ya ujazo. Saa hiyo nguo zinakauka kambani vizuri tu. Jua likishazama, hewa ya baridi huteremka kutoka miteremko ya Mumirwa upande wa mashariki kuelekea Ziwa Tanganyika, na bati nalo linapoteza joto lake kwa kuliachia angani. Alfajiri bati limefika nyuzi 19. Gramu zilezile 16 sasa zimegonga kikomo, na bati likipoa kidogo zaidi, mvuke unageuka matone. Asubuhi unakuta gunia limelowa juu, unampigia fundi aje kuziba paa. Paa halivuji. Maji yalikuwemo chumbani tangu mchana, ila hayakuonekana.

Sakafu na ukuta vina ujanja mwingine. Tofali na saruji vimejaa vitundu vidogo mno, na maji hupanda ndani ya kitundu chembamba kwa kushikana na kuta zake. Kadiri kitundu kinavyokuwa chembamba ndivyo maji yanavyopanda juu zaidi. Katika kitundu chenye nusu kipenyo cha sehemu moja ya mia ya milimita, maji yanaweza kupanda karibu mita moja na nusu kutoka kwenye udongo uliolowa. Ndiyo maana rangi ya ukuta hubanduka kwa chini, na gunia lililoegemezwa ukutani huota ukungu upande mmoja tu, ule ulioegemea. Basi gunia liwekwe juu ya mbao, na kati yake na ukuta upite mkono mzima. Nafasi hiyo si ya urembo. Hewa isiyotembea hushiba mvuke na kubaki palepale. Inayopita huubeba na kwenda nao. Madirisha ya stoo yafunguliwe mchana, hasa kati ya Juni na Agosti hewa inapokuwa kavu, na yafungwe kabla ya magharibi.

Kitu chochote kikavu, iwe unga, ndagala wa kuanikwa, karatasi au pamba, hubadilishana maji na hewa iliyokizunguka mpaka vikae sawa. Hewa ikibaki na unyevu wa zaidi ya asilimia 70 kwa siku nyingi, ukungu unapata maji ya kutosha kuishi. Kwa hiyo kabla ya kufunga chakula ndani ya chombo, lazima ujue kimekauka kiasi gani, na kwa hilo huhitaji mashine. Tafuta chupa ya kioo iliyokauka kabisa na chumvi uliyoikausha vizuri juani. Tia maharage na chumvi kidogo, funga, tikisa kwa dakika kadhaa, halafu iache itulie. Itazame chupa kwa karibu, ukiielekeza dirishani. Chumvi ikiwa imeganda kwenye kioo kama vumbi lililolowa, maharage yana maji zaidi ya asilimia 15 hivi na yanadai jua tena. Ikianguka yote chini na kuacha kioo safi, yafunge. Chumvi ina uchu wa maji kiasi cha kuonyesha kile ambacho vidole havikioni.

Tukiisha kuyaweka maji mahali pake, tuje kwenye oksijeni, na hapa ndipo ninapopapenda. Burundi huvuna maharage mengi mara mbili, mwanzoni mwa mwaka na tena karibu na Juni. Nyakati hizo bei hushuka, na mwenye akili hununua gunia zima soko la Kwa Siyoni au huletewa kutoka kwao mlimani. Mara nyingi gunia hilo limekuja na fukusi wake. Yai hutagwa shambani au ghalani, buu mchanga anatoboa na kuingia ndani ya punje, anakula humo gizani, na kwa joto letu mwezi mmoja hivi unatosha atokee akiwa mdudu kamili, akiacha kile kitundu cha mviringo ambacho kila mpishi anakijua.

Jiulize lakini: mdudu huyu anakunywa nini? Punje ni kavu kama jiwe, stoo haina maji, naye hatoki nje. Jibu ni kwamba anajitengenezea maji. Mwili wake unapochoma wanga kwa oksijeni, yanatoka kaboni dayoksaidi na maji. Hesabu ya kemia inasema gramu 180 za glukosi zikichomwa zinatoa gramu 108 za maji. Kwa hiyo oksijeni kwake ni pumzi na ni kisima pia. Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, ambaye tangu miaka ya 1980 alishughulika na kunde za wakulima wa Kamerun, alieleza na wenzake mwaka 2012 kwamba fukusi wa kunde waliofungiwa bila oksijeni ya kutosha hufa kwa kukaukiwa maji. Hawahitaji sumu. Kisima kimefungwa.

Sasa chukua bidoni ya lita 20 yenye kifuniko kinachokaza, ile ya mafuta ya kupikia, ikiwa imeoshwa na kukaushwa kabisa. Ukiijaza maharage hadi shingoni, kati ya punje na punje bado kuna hewa, karibu lita 8. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa, kwa hiyo humo mna lita 1.7 tu, na fukusi wenyewe wataimaliza kwa kupumua. Ukiijaza nusu, hewa ni lita 14, na oksijeni inakaribia lita 3. Umewapa muda mrefu zaidi wa kula na kutaga. Kwa hiyo ijaze mpaka juu, igongegonge punje zijipange, uongeze tena, kisha ukaze. Na hapa kanuni ya hewa inakutana na kanuni ya mkono: kila ukifungua kuchota kilo moja ya jioni, umewafungulia kisima upya.

Kwa hiyo nyumba yenye shughuli nyingi inahitaji vyombo viwili kwa kila chakula kikavu: kimoja kikubwa, kilichofungwa, kisichoguswa mpaka zamu yake, na kimoja kidogo cha wiki, kinachokaa karibu na mlango kati ya kiuno na bega, kila mtu akipate bila kuinama wala kupanda kiti. Jumapili mtu mmoja anakijaza kile kidogo. Siku sita zilizobaki hakuna anayeingia stoo kutafuta chochote. Haraka ya asubuhi inapungua, na maharage yanapona kwa tendo hilohilo moja. Kama bidoni ni tatu, ziandikwe mwezi kwa kalamu ya wino mzito. Iliyotangulia kuingia itangulie kutoka.

Neno moja kuhusu bidoni iliyowahi kuwekwa mafuta ya taa. Usiitumie kwa chakula hata uioshe mara kumi. Plastiki yake imetengenezwa kwa minyororo ya kaboni na hidrojeni, na mafuta ya taa ni ya ukoo huohuo. Yanazama ndani ya ukuta wa bidoni na kutoka polepole kwa miezi. Sabuni inasafisha uso tu. Mawese ya Rumonge nayo yanataka chombo kilichojaa na kona yenye giza, kwa sababu mwanga na oksijeni vinaharibu rangi yake nyekundu na kuyachachusha. Mbabura yenye makaa mekundu ndiyo isiyo na nafasi ndani ya chumba kilichofungwa, hata mvua inyeshe vipi: makaa yakikosa hewa ya kutosha hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu, inayoshika damu mahali pa oksijeni na kuua waliolala.

Kinachobaki ni joto. Kwa kipimo cha jumla, mabadiliko mengi ya kikemia huenda kasi maradufu joto likipanda nyuzi 10. Hewa ya moto huelea, na chini ya bati lisilo na dari mchana, rafu ya juu kabisa ndiyo ya moto kuliko zote. Hapo ndipo wengi huweka dawa ili watoto wasizifikie! Nia ni njema, mahali ni pabaya. Dawa ziwe kwenye kisanduku chenye kufuli, chumba cha kulala, mbali na dirisha na jiko. Vyeti vya kuzaliwa na hati za nyumba ndivyo vinavyostahili kwenda juu, vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Karatasi haijali joto kama inavyojali maji, na mwaka 2024 ziwa lilipofurika Gatumba, maji yaliingia kwa mlango, hayakutoka darini.

Wengi huyapandisha maharage huko juu wakidhani joto litayakausha. Tatizo ni kwamba punje ikikaa miezi kwenye joto kali na unyevu, fitati iliyomo ndani yake huvunjika na kuachia kalsiamu na magnesiamu. Madini hayo huenda kuishika pektini, gundi inayounganisha chembe za punje, na gundi hiyo haiyeyuki tena kwa urahisi sufuriani. Bujumbura iko karibu mita 780 juu ya bahari, maji yake huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, kwa hiyo hata maharage mazuri tayari yanapikwa kwa moto ulio chini kidogo ya ule wa pwani. Yaliyozeeka chini ya bati yatachemka mchana kutwa na bado yatagonga meno. Uyaloweke usiku kucha, uongeze moto, bado yatakula makaa kuliko yale yaliyokaa chini, kwenye kivuli, juu ya mbao mbili, ndani ya bidoni iliyojaa mpaka shingoni.