Bado tupulize dawa ofisini?

SWALI: Tangu Korona, kila asubuhi mfanyakazi wa usafi hupuliza klorini ofisi nzima. Tuendelee?

JIBU: Acheni kupuliza. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilionya kwamba kunyunyiza dawa vyumbani hakuui virusi vilivyofunikwa na uchafu, na klorini huwasha macho na mapafu ya anayepuliza. Huyo ndiye ninayemhofia zaidi, mpeni glavu. Apanguse vitasa kwa maji ya sabuni kwanza, ndipo apitishe klorini ya asilimia 0.1, asiichanganye kamwe na dawa nyingine. Virusi vya Korona huenea hasa kwa hewa, kwa hiyo fungueni madirisha. Ndoo za kunawia mikono msiziondoe: kipindupindu na kuhara havijaondoka.