Ukishuka Kariakoo, sikiliza dada yako kwanza

Mdogo wangu, kabla ya yote hamisha hiyo simu kutoka mfuko wa nyuma. Nauli iweke mbali na hela ya manunuzi, na noti za 1,000 na 2,000 zikae karibu, usije ukafungua pochi katikati ya Mtaa wa Kongo watu wakahesabu pamoja nawe. Haya, sasa tuongee.

Swali mnaloniuliza sana ni hili: kwa machinga nishushe bei mpaka wapi? Jibu haliko kwenye ujanja wa mdomo, liko kwenye namna mzigo ulivyomfikia. Vijana wengi unaowaona na mashati begani hawakuyanunua. Wameyachukua asubuhi kwa mali kauli: mwenye duka anampa kijana bidhaa kwa kuaminiana, anamtajia bei yake, na jioni kijana anarudisha hela au anarudisha shati. Kinachozidi ndicho chake. Kwa hiyo ipo bei ambayo hashuki hata umwite kaka mara mia, kwa sababu chini ya hapo anatoa mfukoni mwake. Anayezungusha mtaji wake mwenyewe ana nafasi zaidi, hasa asubuhi kama bado hajafungua biashara, au jioni akiwa hataki kurudi na mzigo Mbagala kwenye daladala iliyojaa.

Basi anza na salamu, shika bidhaa, igeuze, bei baadaye. Akitaja 20,000, pita kwa wawili watatu wengine usikie wanasemaje, kisha rudi useme yako. Ukiondoka naye akakuita, "Dada njoo, lete hela," palikuwa bado na nafasi. Ukiondoka asikuite, umeshafika chini kabisa. Rudi umlipe bila kununa. Na kuna tabia siipendi hata kidogo: unataja bei mwenyewe, mwenzio anakubali, halafu unasema "nakuja". Huji. Ukitaja ikakubaliwa, umenunua.

Sasa geuza upande wa pili. Mtu anakuonyesha simu nzuri, anaanzia 300,000, na kabla hujabisha ameshafika 70,000 huku macho yanakimbia huku na huku. Usijipongeze kwa kupatana. Mali hiyo haina mwenye duka anayeisubiri jioni. Kununua kitu cha wizi ni kosa la jinai, na polisi wakiifuatilia ile simu watakukuta nayo wewe, yule kijana keshahama mtaa. Na hapo ni kama simu yenyewe ipo! Wapo wanaokuonyesha simu nzima, mkapatana, akaifunga vizuri kwenye mfuko, ukafika nyumbani ukafungua kipande cha sabuni. Simu nenda dukani, Mtaa wa Aggrey yamejaa maduka hayo. Bonyeza *#06#, namba itakayotokea ilinganishe na ya kwenye boksi, dai risiti. Barabarani nunua kava, na chaja ukishaijaribu palepale.

Mitumba ndiyo raha yenyewe, na hapa sitaki mnichoshe na aibu zenu za "nikionekana". Nenda Karume, nenda Tandika, nenda Mwenge. Muulize muuzaji siku anayofungua belo. Wanaowahi wanalipa zaidi na wanaondoka na vizuri. Vilivyobaki vinashuka bei siku hadi siku, mpaka vinamwagwa chini kwenye turubai na kijana anaimba buku, buku. Mimi napenda katikati ya hapo, watu wakiwa wamepungua na vitu vya maana bado vipo.

Usidanganywe na pasi na henga. Gauni liinue juani, matundu madogo yatajionyesha. Tazama kwapani na kwenye kola, kwani madoa ya jasho la zamani hayatoki kwa sabuni yoyote. Jinzi itazame mapajani kwa ndani, ndipo inapochoka mapema. Zipu ipandishe na kuishusha, tena mpaka mwisho. Kiatu kikunje katikati: kilichokaa stoo muda mrefu gundi yake imekufa, na mvua ya kwanza tu soli inabaki kwenye tope la Jangwani wewe ukiendelea na safari. Nguo za ndani za mtumba acha kabisa. TBS imezikataza, na hata isingezikataza, mdogo wangu, sidiria mpya zipo za bei yako.

Ukishapata muuzaji mwenye mkono mzuri, chukua namba yake, naye mpe yako. Mwaka 2021 wamachinga walipoondolewa kandokando ya barabara, watu walipoteza wauzaji wao kwa usiku mmoja tu. Wengi wamesharudi, wengine wako masokoni ndani, na wengine wanauza mtaani kwenu bila wewe kujua. Mwenye namba yako atakupigia belo likifunguliwa, na shati likichanika mshono unajua pa kulipeleka. Ukilipa kwa simu, soma kwanza jina linalotokea, ndipo uweke namba ya siri. Jina likiwa geni, muulize ni la nani. Mara nyingi ni la mwenye mzigo, lakini uliza.

La mwisho ni hao vijana wa laini za simu wenye miamvuli. Wengi ni watu safi wanaotafuta riziki. Lakini laini inasajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA na alama ya kidole, na yupo atakayekwambia "haijasoma, weka tena", kisha "weka tena", kumbe kila ukiweka anasajili laini nyingine kwa jina lako, na hiyo ndiyo itakayotumika kutapeli watu. Kidole kikigoma, omba uone kioo cha simu yake kabla ya kurudia. Kisha piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika ukaikane, tena leo, usingoje mwisho wa mwezi.